Massive Attack bado wapo, anza na Mezzanine

Mkuu, umeuliza kama kundi la muziki la Massive Attack walishavunjika na uanzie albamu gani. Bado wapo. Walianzia Bristol, Uingereza, mwaka 1988, wakiwa watatu. Blue Lines ikatoka 1991, Protection 1994. Ila wewe anza na Mezzanine ya 1998. Mimi huisikiliza usiku kwenye daladala, foleni ya Ubungo, kichwa nimeegemeza kiooni: besi inaingia taratibu mpaka unaihisi kifuani. Albamu hiyohiyo ndiyo iliyowagawa. Mushroom, mmoja wa wale watatu, akajitoa 1999, na mpaka leo inaniuma. Robert Del Naja na Grant Marshall wakaendelea, wakatoa Heligoland 2010. Na tega sikio umsikie Horace Andy, yule mwimbaji Mjamaika. Sauti yake imo kwenye albamu zao zote tano.