Asili ya jina la kwenu usiulize wachoma nyama peke yao

Wiki hii kuna msomaji wa Rongai amenitumia meseji, anataka kuandika asili ya jina la kijiji chao, wazee wamempa hadithi tofauti tofauti na sasa anauliza achukue gani. Ndugu yangu, usichukue yoyote bado. Mimi hiyo shughuli nimeipitia na Kikopey, kile kituo cha nyama choma pale Gilgil, nikatoka na posti ambayo mpaka leo inazungushwa kwa magrupu ya watu hata siwajui. Sijisifu, lakini ndio hivyo.

Nilianzia penye kila mtu huanzia, kwa choma. Kijana anakatakata mbavu, chumvi iko rundo pembeni ya ubao, ananiambia bila hata kuinua macho eti wenye bucha walikuwa wanakopiana, mmoja akifungua mwenzake anafungua papo hapo kando, ndio pakaitwa Kikopey. Meza nzima ikacheka. Hadithi tamu, ila jiulize, kati ya jina na bucha nani mkubwa? Galbraith Cole, yule setla, ranchi yake kando ya ziwa Elementaita iliitwa Kekopey, na huyo alifariki 1929. Shirley Strum alipoanza kuchunguza nyani hapo 1972 jina lilikuwa hilo hilo. Wakati wa Cole nani alikuwa anamkopi nani mbuzi choma? Hiyo imekufa.

Ingine utaikuta imeandikwa sana, kwamba ni Kimaasai, mahali kijani kinageuka cheupe. Hii nilitaka sana iwe kweli, maana ukishuka upande wa Kariandusi kwenye machimbo ya diatomaiti, ule mwamba mweupe laini, unarudi viatu vimepakaa kitu kama unga wa ngano. Nikamsomea mzee mmoja Mmaasai. Akanitamkisha jina, akanirudisha tena, akatikisa kichwa, "Kijana wangu, vile mnalitamka sasa, siwezi kuapa ni letu na siwezi kuapa si letu." Udongo mweupe upo, sawa, lakini udongo kufanana na hadithi si ushahidi, na hapa ndipo wengi mnateleza kwa sababu mnataka jibu moja la kuweka kwa statasi.

Kwa hivyo andika zote. Andika nani alisema na yeye aliisikia kwa nani, tafuta jina lilivyoandikwa kwa ramani za zamani na karatasi za mashamba, linganisha miaka. Miaka, miaka, nitaimba hiyo mpaka mchoke.

Halafu kuna jamaa wa redio alitoa hiyo ya kukopiana kwa posti yangu akaisoma hewani kama yake tena kama ukweli, pale nimeipinga akaparuka. Bado inaniuma. Siku hizi hadithi ya uongo siipi aya yake peke yake, naifinyia katikati ya sentensi moja na mwaka unaoiua, na wewe ya Rongai iandike hivyo hivyo, akitaka kuiba abebe vyote.