Hilux "inakula" mafuta? Soma hapa kabla hujashusha nozeli

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya 2017 milango minne, injini 2GD, gia otomatiki. Nafanya biashara ya parachichi, napakia Njombe nashusha Dar, kurudi napakia bidhaa za duka. Nilisoma kwamba hii gari inatumia lita 7 na ushee kwa kilomita 100, yaani kilomita 13 na kitu kwa lita, lakini mimi nikisoma odometa kwenda napata kama 10 na kurudi 9. Nimefunga tairi za 285/70 R17, ngao ya mbele na keria. Fundi wa hapa kasema nozeli za kupulizia dizeli kwenye silinda zimechoka, anataka azishushe zote nne. Kuna jamaa mwingine anauza kiboksi cha kuchomeka kwenye sensa ya presha ya mafuta, anadai kinashusha ulaji asilimia 30, na kwenye gari yake nimeona mwenyewe dashibodi inasoma vizuri sana. Gari yangu haina moshi na asubuhi inawaka mara moja. Nianze na lipi? Si dizeli inatakiwa kula kidogo?

JIBU: Marahaba kaka. Usianze na lolote kati ya hayo mawili. Tena kama yule fundi hajagusa kitu mpaka sasa mwambie aache hivyo hivyo, gari ukae nayo.

Swali la aina hii linanifikia karibu kila wiki, linabadilika jina la gari tu, leo Hilux kesho D-Max keshokutwa Ranger, na karibu kila mara ukilisoma vizuri jibu limo humohumo. Wewe umeandika kwenda unapata 10 na kurudi 9. Nozeli mbovu haijui kama unaelekea Dar au unarudi Njombe, ingekuwa imechoka ingekuwa inakula njia zote mbili sawasawa. Kinachojua unaelekea wapi ni mlima. Dar iko usawa wa bahari na Njombe iko juu zaidi ya mita 1,800, sasa gari yako ikiwa na mzigo ni kama tani 2.8, kuibeba hiyo tani 2.8 mpaka huko juu, acha upepo, acha msuguano wa tairi, kuinua tu, ni kama lita 4 za dizeli. Lita moja ya dizeli ina nishati kama megajuli 36 hivi, ila injini inageuza kuwa kazi theluthi moja na kidogo, iliyobaki inapotelea kwenye rejeta na ekzosi. Ukiwa unashuka sehemu ya hizo lita unarudishiwa maana kuna mahali gari inajiendea yenyewe. Tofauti yako ya kwenda na kurudi ukiipigia hesabu ni lita 7 na kidogo, haina muujiza wowote, ni mlima Kitonga na vilima vyote vinavyofuata mpaka nyumbani.

Halafu tairi. Hilux ya rimu 17 kiwandani inakuja na 265/65, kipenyo chake milimita 776 hivi. 285/70 uliyofunga wewe ni 831. Maana yake kila tairi likizunguka mara moja gari inaenda mbele asilimia 7 zaidi ya ile odometa inavyodhani, odometa yenyewe inahesabu mizunguko tu, haioni barabara. Kwahiyo ile 9 yako kiukweli ni 9.6 na ile 10 ni 10.7. Hapo hatujagusa hata spana. Na tusielewane vibaya, tairi kubwa linakugharimu kweli kwasababu ni zito na linakuwa kama umeongeza gia ndefu ambayo injini haikuizoea, kwenye kilima otomatiki inashuka gia mapema, nachosema ni kwamba sehemu ya maumivu yako iko kwenye hesabu, haipo kwenye injini.

Sasa ile lita 7 na ushee uliyoisoma. Kipimo cha gari za mwaka huo Ulaya kiliitwa NEDC, gari inapandishwa kwenye rola ndani ya chumba, haipo barabarani, inaendeshwa dakika 20 tu, jumla kilomita 11, wastani wa spidi kama 34 kwa saa, inagusa 120 kwa sekunde chache basi, eesii imezimwa, mzigo hakuna, keria hakuna, kilima hakuna. Walikiona wenyewe hakifai, kuanzia 2017 wakahamia WLTP ambacho ni kirefu zaidi na spidi yake ni kubwa zaidi. Namba ile ilitungwa ili mtu aweze kulinganisha gari na gari akiwa dukani, haikuwa ahadi ya mtu anayebeba parachichi. Mimi pikapu za dizeli za kisasa zinazopita mikononi mwangu zikiwa kazini, na mzigo, na barabara zetu hizi, nyingi zinaangukia kati ya 9 na 12 kwa lita. Wewe na tairi zako, ngao na keria una 9.6 mpaka 10.7. Gari yako ni nzima kaka.

Hiyo imani kwamba "dizeli haili" ndo inayonichosha kuliko zote, kwasababu ndo mlango wanaopitia matapeli. Ni kweli injini ya dizeli ina faida, inabana hewa sana kabla ya kuwasha, haina kile kibamba cha kuinyima hewa ukikanyaga kidogo, na lita yake ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa asilimia 10 na ushee. Lakini faida hiyo haifuti uzito. Kila tuta unalokutana nalo, kila kibao cha 50 kijijini, unapunguza halafu unaikimbiza tena mpaka 100, kuitoa tani 2.8 kutoka 50 kwenda 100 ni kama kikombe kimoja kidogo cha kahawa cha dizeli, na ukifika tuta linalofuata unakimwaga chote kwenye breki. Hesabu mwenyewe toka Makambako mpaka Chalinze ni vikombe vingapi. Upepo nao, nguvu inayoizuia gari inapanda kwa mraba wa spidi, ukitoka 90 ukaenda 120 upepo unakukaba karibu mara 1.8, na pikapu ina kifua kipana, wewe ukaiongezea ngao na keria juu. Nina mteja wa Mafinga, nilichomfanyia ni kumshauri tu avue keria asiyoitumia na asizidi 90, ulaji ukashuka kuliko chochote ambacho ningemuuzia dukani.

Sasa kiboksi. Hapa naomba usome taratibu, maana ulionyeshwa dashibodi na dashibodi ndo shahidi wao mkubwa.

Dashibodi haipimi mafuta. Hakuna mita kwenye bomba inayohesabu dizeli inayopita. Kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, inajua presha iliyopo kwenye reli, lile bomba linalogawia nozeli mafuta (kwa kuambiwa na sensa) na inajua imefungua nozeli kwa muda gani, kwa hivyo viwili inakadiria kiasi kilichoingia, makadirio hayo ndo yanakuja mbele yako kama kilomita kwa lita. Kile kiboksi kinakaa katikati ya sensa na kontrolboksi na kazi yake ni kudanganya, kinasema presha ni ndogo kuliko ilivyo. Kontrolboksi inaamini, inapandisha presha, mafuta yanaingia mengi zaidi kila mpigo, gari inakuwa nyepesi mguuni, wewe unafurahi unakanyaga kidogo, na kwakuwa umekanyaga kidogo kontrolboksi inaandika kwamba imetumia mafuta kidogo. Haijui ya ziada yaliyopita. Umeona? Kitu kilekile kinachoongeza mafuta ndicho kinachoifanya dashi iseme yamepungua. Na muuzaji anakuonyesha dashi, hakuonyeshi risiti za sheli.

Presha kwenye reli ya hizi injini inapita bar 1,500 ikiwa kazini, pampu na nozeli vimetengenezwa kwa kiwango kinachojulikana, ukivisukuma juu zaidi kila siku na mzigo kwenye kilima unavichosha mapema, halafu unakuja kwangu unauliza mbona nozeli zimekufa na gari bado changa. Huko Marekani shirika lao la mazingira, EPA, tangu miaka ya 1970 limechunguza vifaa zaidi ya 100 vya kudaiwa kupunguza mafuta, vilivyoonyesha chochote cha maana ni vichache mno. Sumaku ya kufunga kwenye bomba, vidonge vya kutupia kwenye tanki, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya mashine ya kupimia gari, chenye taa zinazowakawaka, vyote ni familia moja.

Kuhusu kushusha nozeli, hapa ndo nakasirika kweli. Mwaka jana nililetewa Hilux kama yako kutoka gereji moja, sitaitaja, mwenye gari alilalamika ulaji tu, gari haina shida nyingine yoyote. Wakazishusha zote nne "kuzisafisha". Kila nozeli ya hizi injini ina namba yake ndefu ya herufi na tarakimu juu ya kichwa, inaeleza tabia ya nozeli hiyo hiyo moja, na kontrolboksi imeandikiwa namba ipi ipo silinda ipi. Wao walizichanganya wakazirudisha popote, namba hawakuzigusa maana mashine hawana, na vile vioshi vya shaba vya chini wakarudisha vilevile vya zamani. Gari ikaanza kugonga, moshi, na baada ya muda vioshi vikawa vinavujisha gesi ya mlipuko, masizi yakaingia kwenye oili mpaka yakaziba kichujio cha chini kwenye sampu. Injini ikakosa oili. Yule mzee alipeleka gari nzima, akalipia injini. Sikulala vizuri siku niliyompa ile taarifa.

Fundi akikwambia nozeli zimechoka muulize kaona nini. Zinazochoka zinajisema: asubuhi gari inapiga stata muda mrefu, sailensi (mngurumo gari ikiwa imesimama) inayumba, moshi mweupe au mweusi, injini inagonga kama nyundo, oili inapanda juu ya alama na inanuka dizeli. Na zinapimwa zikiwa hapohapo kwenye gari, mashine inaonyesha marekebisho ya kila silinda, na ritani (mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli) inapimwa kwa chupa nne, nozeli inayorudisha mafuta mengi kuliko wenzake unaiona kwa macho. Asiyepima hivyo anabahatisha kwa hela yako. Ni watu haohao wanaotoa themostati, ile vali inayotunza joto la injini, eti "injini ipoe", kumbe wanaifanya ifanye kazi ya baridi safari nzima, na injini baridi inakula zaidi, hasa huko kwenu Njombe mwezi wa Juni na Julai. Angalia kama yako bado ipo, mshale wa joto ukichelewa sana kupanda au ukishuka ukiwa unateremka mlima ujue kuna mtu ameshaichomoa.

Na tafadhali usinunue mafuta ya madumu kisa bei. Pampu yako inalainishwa na dizeli yenyewe, hakuna oili nyingine mle ndani, dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa haina ule ulaini, inaikwangua pampu na chuma kinachotoka kinaenda moja kwa moja kwenye nozeli. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya utambulisho) kwenye mafuta toka 2010 kwasababu uchakachuaji ulikuwa umezidi, lakini dumu la kando ya barabara hakuna aliyelipima.

Ufanye hivi. Vua keria kama huibebei kitu. Pima upepo wa tairi asubuhi kabla hujatembea, zikiwa baridi, na uwe wa mzigo. Inua gari zungusha kila tairi kwa mkono, uone kama kuna breki inayoshika, hiyo inakula mafuta kimyakimya na wengi hawaiangalii. Cheki filta ya hewa na hosi za tabo kama kuna iliyochanika. Halafu jaza tanki fulu, sheli moja, pampu ileile, dizeli ina povu kwahiyo ikikata mara ya kwanza subiri litulie uongeze taratibu mpaka ikate tena, nenda Dar urudi, jaza palepale namna ileile. Kilomita za odometa zidishe kwa 1.07 kwa ajili ya tairi zako, gawa kwa lita za kwenda na kurudi kwa pamoja. Fanya safari tatu, moja usizidi 90. Niandikie hizo namba tatu na lita zake kama zilivyo kwenye risiti, ya kwenye dashi usiniandikie.