Maswali na majibu: Scarborough ilihitaji treni ya chini ya ardhi au reli nyepesi?

Maswali ya wasomaji kuhusu usafiri wa Scarborough, upande wa mashariki wa Toronto, hayakauki, na leo najibu machache. Kwa ambaye hakufuatilia: reli ya zamani ya huko, Scarborough RT, iliyotoka Kennedy hadi McCowan, ilifungwa mwaka 2023. Sasa inachimbwa njia ya treni ya chini ya ardhi yenye vituo 3. Mvutano kati ya njia hiyo na reli nyepesi ulianza zaidi ya miaka kumi kabla, na haujaisha.

Reli nyepesi si ile tramu inayopita katikati ya barabara na kuzuia magari? Kwa nini tuitamani? (Msomaji, Agincourt)

Inategemea imepitishwa wapi. Kule Finch West, njia nyingine ya reli nyepesi ya Toronto, kweli inapita barabarani na inasimama kwenye taa. Mpango wa Scarborough haukuwa huo hata kidogo. Ungefuata njia ileile ya RT na kuendelea hadi barabara ya Sheppard, ukiwa umetengwa kabisa na magari: hakuna taa, hakuna makutano. Vituo 7, kilomita karibu 10, dola bilioni 1.8 za Kanada, na fedha zote zilikuwa zitoke serikali ya jimbo la Ontario. Makubaliano yalitiwa saini Novemba 2012.

Nalisisitiza hili kwa sababu wanasiasa waliwatisha watu kwa foleni za magari ambazo hazikuwamo kwenye michoro. Wananchi wakachagua kwa kuogopa kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Shikamoo. Nimezaliwa na kukulia hapa. Watu wa katikati ya jiji wana treni ya chini ya ardhi tangu 1954, sisi tunaambiwa turidhike na cha bei nafuu. Kwani kodi hatulipi? (Kijana, Cedarbrae)

Marahaba, mwanangu. Hasira yako ina msingi, na anayeibeza hajawahi kubadilisha treni pale Kennedy. Treni ya chini ya ardhi ilikushusha chini kabisa, RT ikakusubiri juu kabisa. Katikati ni ngazi, na watu walizipanda kwa miaka 38, wengine na mtoto mgongoni na mifuko mikononi, huku treni ya juu ikifunga milango wakiwa wamebakiza hatua chache.

RT yenyewe Scarborough haikuichagua. Shirika la usafiri la jiji, TTC, lilikuwa limepanga njia ya tramu. Serikali ya jimbo ikashinikiza itumike teknolojia ya kampuni yake, UTDC, na mwaka 1985 njia ikafunguliwa. Treni zile hazikusukumwa na magurudumu. Mota iliyo chini ya behewa ilijivuta kwa nguvu ya sumaku kwenye bamba la chuma lililolazwa katikati ya reli, na nafasi kati ya viwili hivyo ilikuwa ya milimita chache tu. Theluji na barafu zikishika, huduma inasimama. Aliyeganda kituoni Januari, akisikia "reli nyepesi", anadhani analetewa RT ya pili. Simlaumu.

Lakini ile ya 2012 ingekuwa na mota za kawaida, na kituo cha Kennedy kingejengwa upya ili kupunguza safari ya ngazi. Na mimi heshima ya kitongoji naipima kwa dakika anazosubiri mkazi wake na hatua anazotembea hadi kituoni. Kwa kipimo hicho, vituo 7 vinawapa heshima watu wengi zaidi kuliko vituo 3.

Ipi inabeba abiria wengi? (Msomaji, Birch Cliff)

Ya chini ya ardhi, bila ubishi. La kujiuliza ni kama wapo abiria wa kuijaza. Njia ya chini ya ardhi ya Sheppard ilifunguliwa 2002: kilomita 5.5, vituo 5, gharama karibu dola bilioni moja, na treni zake zina mabehewa manne wakati njia nyingine kubwa zina sita. Wakati huohuo reli nyepesi ya Calgary, mji wa magharibi mwa Kanada, iliyoanza 1981, ilikuwa ikihudumia safari takriban 300,000 kwa siku kabla ya Korona. Nyepesi haina maana ya dhaifu.

Nani hasa aliyeuvuruga mpango? (Msomaji, West Hill)

Karibu kila aliyekabidhiwa kalamu. Mwaka 2007 Meya David Miller alitangaza mtandao wa reli nyepesi kwa jiji zima. Rob Ford akashinda uchaguzi wa 2010 na siku yake ya kwanza ofisini akautangaza kuwa umekufa. Mwaka 2012 baraza la jiji likaufufua. Oktoba 2013 baraza hilohilo, kwa kura 24 dhidi ya 20, likachagua treni ya chini ya ardhi yenye vituo 3. Serikali ya shirikisho ilikuwa imeahidi dola milioni 660, na wenye nyumba wa Toronto nzima wakaongezewa kodi ya majengo, jumla asilimia 1.6, kwa awamu. Chini ya Meya John Tory, mwaka 2016, vituo 3 vikawa kimoja, na bado gharama ikawa zaidi ya dola bilioni 3. Kituo kimoja kwa handaki la kilomita zipatazo 6! Fikiria abiria wa barabara ya Lawrence anayesikia treni ikipita chini ya miguu yake bila kusimama. Mwaka 2019 serikali ya jimbo chini ya Doug Ford ikaichukua kazi, ikarudisha vituo 3: kilomita 7.8, dola bilioni 5.5.

Vyama vyote vilikuwa vinasaka kura za Scarborough, na ahadi ya handaki ilikuwa rahisi kuielezea jukwaani kuliko ratiba ya treni.

Mbona husemi kuhusu Eglinton? Hiyo nayo ni reli nyepesi, na imetutesa. (Msomaji, Golden Mile)

Nasema. Ujenzi ulianza 2011, ufunguzi ukapangwa 2020, na tarehe hiyo ikapita huku wafanyabiashara wa pale wakiishi na uzio mbele ya milango yao. Hakuna utetezi. Ila kumbuka kwamba zaidi ya nusu ya kilomita zake 19 ziko chini ya ardhi. Ukiichimbia reli nyepesi, unajibebesha gharama na shida za handaki. Finch West, iliyofunguliwa Desemba 2025, ina kasoro nyingine: inakwenda polepole. Hiyo dawa yake inajulikana, nayo ni taa za barabarani kuipisha treni kwanza.

Je, uchimbaji usimamishwe? (Msomaji, Bendale)

Hapana. Ningekuwa diwani mwaka 2013 ningepiga kura upande wa wale 20. Lakini ujenzi ulianza 2021, mashine ya kuchimba iliwashwa Januari 2023, na kubadili tena kungekuwa kuwaibia watu muongo mwingine. Kumbuka bei ya kuchelewa: jioni ya tarehe 24 Julai 2023, behewa la mwisho la RT lilichomoka na kuacha njia, watu watano wakaumia. Njia ilikuwa imebakiza miezi minne ifungwe rasmi. Haikufunguliwa tena, na tangu hapo ni mabasi.

Mabasi hayo ndiyo ya kupigania sasa hivi. Njia ya RT kati ya Kennedy na Ellesmere inageuzwa barabara ya mabasi peke yake, na ilistahili kuwa tayari siku ileile treni iliposimama.

Naishi Malvern. Mimi nitapata nini? (Mama wa watoto watatu)

Dada yangu, kwa handaki hili, machache. Litaishia Sheppard na McCowan, na wewe bado utapanda basi kulifikia. Kinachokuhusu ni reli nyepesi ya Eglinton East, inayopangwa kutoka Kennedy, kupita chuo kikuu cha Toronto tawi la Scarborough, hadi Malvern. Michoro ipo, ila fedha za kuijenga hazijatimia. Mgombea akigonga mlango wako, usimwache aanze na handaki. Muulize fedha za Eglinton East zitatoka wapi na mwaka gani, kisha muombe akuandikie jibu lake.