RAID 5 au RAID 10 kwa seva ya PostgreSQL, na bakapu ikae wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Tunauza dawa kwa jumla hapa Mwanza, na matawi yetu yote yanatumia seva moja ya PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata. Kanzidata imefika GB 200. Tumenunua SSD nne za TB 1.92. Fundi anashauri tuziunganishe pamoja kwa mtindo wa RAID 5 ili tupate nafasi kubwa, na pg_dump (nakala ya kanzidata nzima) ya kila usiku ihifadhiwe humo humo. Umeme wetu hukatika mara kwa mara. Mpango huu unafaa?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Vizuri umetaja ukubwa wa kanzidata. Kwa diski hizo RAID 5 inatoa TB 5.76 na RAID 10 TB 3.84. GB 200 zinaenea kote kote, kwa hiyo hoja ya nafasi haina uzito kwenu. Chenye uzito ni kuandika. Seva ya mauzo huandika vipande vidogo vidogo kutwa nzima, na kila kipande kwenye RAID 5 kwa kawaida hudai kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti (hesabu ya kurejeshea data diski moja ikifa), kisha kuziandika zote mbili upya. RAID 10 huweka kila data kwenye diski mbili, kwa hiyo huandika mara mbili, basi. Chukueni RAID 10.

Kuhusu umeme, kagueni kwanza aina ya SSD. SSD nyingi za kompyuta za kawaida zinaweza kupoteza kilichokuwa bado kwenye kashe (kumbukumbu ya muda ya diski) umeme unapokatika, ilhali SSD nzuri za seva zina kapasita za kumalizia kuandika. Kama zenu hazina kinga hiyo, zirudisheni dukani. UPS iwepo pia. Na mtu asiwashawishi kuzima fsync, inayohakikisha data imefika diskini kweli, eti mfumo uwe na kasi.

Linalonitia wasiwasi hasa ni pg_dump kukaa humo humo. RAID inawakinga diski ikifa, si zaidi ya hapo. Mtu akiandika DELETE (amri ya kufuta) akasahau WHERE (sharti la nini kifutwe), data inafutika kwenye diski zote nne papo hapo. Mwizi au moto utachukua data pamoja na nakala yake. Hata ikisalimika, ni ya usiku: seva ikianguka saa tisa alasiri, mauzo ya siku yamepotea.

Tafuteni mashine ya pili, ikae jengo jingine. Kila Jumapili ipelekeeni nakala kamili kwa pg_basebackup, na muda wote faili za WAL, ambamo PostgreSQL huandika kila badiliko. Kila faili ni MB 16. Wekeni archive_timeout ya sekunde 300 ili faili itumwe bila kusubiri kujaa. Hapo kosa likitokea saa nane na dakika tano mchana, mnarejesha nakala ya Jumapili, mnaweka recovery_target_time ya 14:04, na PostgreSQL inarudia mabadiliko yote hadi dakika hiyo. Ila archive_command, amri inayotuma faili hizo, ichungwe: ikishindwa, faili za WAL hubaki kwenye seva kuu, na diski ikijaa mauzo yanasimama. pg_dump iendelee, lakini ihamishiwe huko, na nakala moja iliyosimbwa itoke nje ya mji.

Kisha jaribuni kurejesha. Januari 31, 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu mtandaoni, alifuta kimakosa data ya seva kuu, karibu GB 300. Walipozitafuta pg_dump zao hazikuwepo: programu ilikuwa toleo 9.2 wakati kanzidata ni 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa. Waliokolewa na nakala ya diski iliyochukuliwa saa sita kabla, wakapoteza kazi ya saa hizo. GitLab wenyewe walieleza yote haya hadharani.

Kila mwezi basi, rejesheni nakala kwenye kompyuta nyingine, hesabuni ankara za siku ya mwisho, mzilinganishe na ripoti ya mauzo iliyochapishwa, na mwandike kazi imechukua saa ngapi. Ikizidi muda ambao matawi yanaweza kuuza kwa vitabu vya risiti, niandikieni tena tupange seva pacha.