Hesabu atomu kwanza, kikokotoo baadaye

Wanafunzi ninaowafundisha tuisheni ya kemia hapa Mtwara hawashindwi kujumlisha. Wanashindwa kuhesabu atomu, na alama nyingi za uzito wa molekuli zinapotelea hapo. Uzito wa kila atomu huwa umeandikwa kwenye karatasi ya mtihani: H = 1, C = 12, N = 14, O = 16. Kazi yako ni kujua zipo ngapi.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla hujagusa kikokotoo andika idadi ya kila elementi kwenye mstari wake. Chukua urea, CO(NH₂)₂. Ile 2 ya nje ya mabano inazidisha kila kilichomo ndani, hivyo naitrojeni ni 2 na haidrojeni ni 4. Kaboni moja na oksijeni moja haziguswi. Sasa jumlisha: 12 + 16 + 28 + 4 = 60.

Usiishie hapo. Gawanya 28 kwa 60, unapata asilimia 46.7 ya naitrojeni. Nenda duka la pembejeo ukatazame mfuko wa urea: umeandikwa 46. Kwangu hakuna kipimo cha jibu kinachoushinda mfuko huo. Binti mmoja wa kidato cha tatu alinikokotolea mbolea ya SA (salfeti ya amonia), (NH₄)₂SO₄, akaleta naitrojeni asilimia 12. Sikumsahihisha. Nilimwambia akasome mfuko ulioko kwao, akakuta 21. Jioni hiyo alirudi mwenyewe kwenye mabano, akaona 2 aliyoiruka: naitrojeni 28, haidrojeni 8, salfa 32, oksijeni 64, jumla 132. Na 28 kwa 132 ni asilimia 21.2. Tangu hapo mabano hayamsumbui.

Salfa nayo ina mtego wake. Unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga una molekuli za atomu 8 zilizoshikana kama pete. Atomu moja ni 32, lakini molekuli nzima, S₈, ni 256. Soma swali vizuri: linataka ipi?

Chumvi, NaCl, ni rahisi: sodiamu 23 + klorini 35.5 = 58.5. Ile nusu ya klorini si kosa la uchapaji. Klorini ya asili ni mchanganyiko wa atomu za 35 na za 37, za 35 zikiwa kama robo tatu, na 35.5 ni wastani wake. Kwa kuwa chumvi ni ayoni (chembe zenye chaji), si molekuli, jina sahihi ni uzito wa fomula, ila hesabu haibadiliki.

Panaponitia wasiwasi zaidi ni maji yaliyomo ndani ya fuwele. Mrututu ni CuSO₄·5H₂O. Nukta ile si alama ya kuzidisha. Inasema kila CuSO₄ moja imeshikana na molekuli 5 za maji. Shaba 63.5, salfa 32, oksijeni nne 64, maji 90: jumla 249.5. Ukiyaacha maji unapata 159.5, na maabara haitakusamehe. Lita moja ya myeyusho wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) inataka gramu 24.95 za fuwele hizo. Ukipima gramu 15.95, utapata kama 0.064 M tu. Basi soma lebo ya chupa kabla ya kupima, na uangalie rangi: mrututu wa bluu una maji, ule mweupe umeshakaushwa.