Magoti ya mama yamesagika: anza na paja, bamia baadaye

Mkuu, mpe mama pole. Umesema kliniki ya mifupa wamemwambia magoti yamesagika, jirani kashauri bamia na mapumziko, na sasa anashinda kitandani, hata chooni anashikwa mkono. Unauliza kama mazoezi hayatamsaga zaidi. Nakujibu kama mgonjwa mwenzake: goti langu la kulia lina shida hiyohiyo, na mimi ni fundi cherehani, mguu ndio mtaji.

Bamia ale, ni mboga nzuri. Ila ule mlenda unaishia tumboni, hauna njia ya kufika gotini ukawa ute, yale majimaji ya kulainisha kiungo. Tena goti likivimba, mara nyingi ute umezidi, haujaisha. Kinacholika ni gegedu, ule utando mgumu unaoteleza kwenye ncha za mifupa, na hakuna chakula cha kuurudisha.

Mimi nilikuwa nahangaika na goti mpaka nilipokutana na dada mmoja wa fiziotherapia. Akaomba futi iliyokuwa shingoni kwangu, akapima mapaja yote mawili, juu kidogo ya goti. La kulia lilikuwa limekonda wazi kabisa. Akasema nyoosha mguu, kaza. Wa kushoto nyama ikatuna. Wa kulia ikatetemeka tu, nikahisi si paja langu.

Alivyonieleza ni hivi: goti likiuma na kuvimba, mwili wenyewe unaizuia misuli ya mbele ya paja isikaze sawasawa. Isipokaza inasinyaa. Ikisinyaa, goti halina wa kulishika, unapiga hatua linalegea, linauma zaidi, unazidi kukaa. Sasa mama akilazwa kutwa nzima, anamalizwa paja.

Aanze akiwa amekaa: anyooshe mguu mmoja, akaze paja, ahesabu taratibu mpaka tano, ashushe. Akizoea, aende kwenye zoezi lenyewe, kusimama na kukaa. Kiti kiegemee ukuta (cha plastiki kwenye vigae kinakimbia, usicheze), weka mto juu yake kiwe kirefu, asimame bila kujivuta kwa mikono kama anaweza. Kazi kubwa iko kwenye kukaa: ashuke polepole, asijitupe. Wengi wanajitupa halafu wanasema zoezi halisaidii. Mto ukishakuwa rahisi, uondoe. Mara tatu kwa wiki inatosha, ila iwe wiki nyingi. Mwezi wa kwanza usitegemee makubwa.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi ni kawaida, asiogope. Kipimo ni kesho yake: goti likiamka limevimba au linauma kuliko jana, punguza idadi, usiache. Na kila baada ya wiki kadhaa hesabu anasimama mara ngapi kwa sekunde 30, andika kwenye kalenda ya ukutani. Wazee wanapenda sana kushindana na kalenda.

Fimbo aishike mkono wa upande wa pili wa goti linalouma zaidi. Wengi wanaishika upande uleule. Ngazi, apande na mguu mzima, ashuke na ule mbovu. Choo cha kuchuchumaa, mtafutie fundi seremala achonge kiti chenye tundu. Kama ana mwili mkubwa, kila kilo moja anayopunguza, goti linapunguziwa kama kilo nne kila hatua.

Diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, za kujinunulia kila siku simshauri kwa umri wake, hasa akiwa na presha, figo au vidonda vya tumbo; ile ya kupaka ina nafuu, na hata hiyo amuulize daktari. Goti likiwa la moto na jekundu pamoja na homa, au likikwama halinyooki, mazoezi weka pembeni, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Mpime hizo sekunde 30 leo, kisha weka namba hapa. Useme pia goti lipi linauma zaidi, na kama anaweza kusimama kutoka kitandani bila kushikwa.