Kabla hujafungua boneti, lala kwanza chini ya hiyo Hilux

Kaka usitume hata shilingi ya advansi. Unataka pikapu ya kutoa viazi Kikondo kuleta Uyole, huko Mbeya, bajeti milioni 20, umeuliza dizeli au petroli, gia za mkono au otomatiki, tairi gani, bima gani, afu ukaweka picha za Hilux singo kebini nyeusiii huko chini na ukaandika "muuzaji kasema imetoka Uingereza, haijaguswa". Hapo nikaacha kula.

Haijaguswa na nani, na chumvi? Kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani barafu iyeyuke, maji yake yanaingia kwenye chesisi, ile fremu ya chini inayobeba kebini na bodi, na chesisi ya hizi gari ni kama bomba la pembe nne, tope likishaingia halitoki, linakula chuma kutokea ndani huku nje unaona kizima. Dalali aliyeniuzia mi Hilux ya hivyohivyo alichofanya ni kununua kopo la rangi nyeusi basi. Tulikuwa tunakula naye chipsi, ananiita shemeji, na mpaka leo sijui kaoa kwetu wapi.

Mi nilienda na fundi kabisa. Tukasikiliza injini, 3L ile dizeli (hilo ni jina la injini, si lita), inaunguruma vizuri kama cherehani ya mama, fundi akavuta kijiti cha oili, akachungulia rejeta, akasema bosi chukua. Milioni 17. Hakuna aliyelala chini maana mvua ilikuwa imenyesha na mi nilikuwa na shati jeupe. Shati la elfu 15.

Mwezi wa nne nikapakia lumbesa 14. Najua, Hilux ni ya tani moja, msinirukie, ile barabara wote tunapakia hivyo. Nashuka kuja Isyonje, ukungu, kuna kakorongo ka maji kamekatiza barabara, nikasikia PAA nikajua tairi. Nashuka na tochi ya simu, tairi zote nzima. Kumbe bodi na kebini vimeegemeana kwa juu kama walevi wametoka kwenye ulanzi, tumbo la gari liko kwenye tope. Nikaingiza kidole pale chesisi ilipokatika, chuma kikabanduka kama maganda ya kitunguu, kilichobaki kizima ni rangi nyeusi tu.

Canter ya kuhamisha viazi usiku ule, brekidauni mpaka Uyole, chesisi ya mtumba, kushusha kebini na bodi, halafu namba ya chesisi haifanani na kadi ukaanze kuhangaikia makaratasi, milioni 6 na ushee zikaenda, na viazi nikauza bei ya kulia. Nampigia dalali ananiambia "shemeji ulizidisha mzigo". Nilizidisha ndio! Lakini chuma kizima kinapinda kwanza, hakikatiki kama biskuti.

Sasa wewe beba nyundo ndogo, tochi na gunia la kulalia, vaa nguo za shamba. Gonga chesisi pande zote mbili, nyuma ya kebini, juu ya difu, pale springi zinapofungwa. Chuma kizima kinalia ngaa, kilichooza kinalia pu kama unagonga boga. Angalia na ule uwazi kati ya kebini na bodi, ukiwa mwembamba juu kuliko chini ondoka hata kama kakupa soda. Mlango ukigoma kufunga pia, wangu wa dereva uligoma tangu siku ya kwanza nikajua ni raba mpya. Muuzaji akikataa usigonge, basi ameshakujibu.

Dizeli au petroli, chukua dizeli, 3L au 5L, hazina umeme mwingi, fundi yeyote Mwanjelwa anaimudu. Otomatiki sijui, chesisi ikiwa imeoza hata uwe na gia kumi zitakusaidia nini. Kuna kingine uliuliza nimesahau.

Ila hiyo picha yako ya tatu, pale bodi inapoanza, mi naona kama rangi imepita juu ya weldingi. Ukienda Jumamosi ipige tena kwa karibu uiweke hapa tuione.